"Treni ikipita itajisafisha": huyu mtu asiguse tena reli ya mtu!

Fundi_1:87

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Wasimamizi mkitaka kuufuta huu uzi, subirini kwanza niumalize.

Jamaa mnamjua. Simtaji. Yule anayejibu kila swali la rangi kabla hujamaliza kuliuliza, mwenye ile chupa ya maji ya kahawia anayoiita "mchanganyiko". Huyo huyo. Leo kanipakia rangi reli za treni yangu ndogo ya mfano.

Njia yote nilishailaza, nyaya nilishazichomelea kwa risasi, imebaki rangi tu ndipo nimwage kokoto. Akasema niachie mimi, rangi ya akriliki ukiizimua vizuri inajitafutia njia yenyewe. Kweli ikajitafutia! Imeingia kwenye viungo vya reli, imeingia kwenye swichi ya kubadilishia njia, imepenya chini ya ulimi wake, kile kipande cha reli kinachosogea, imekaa kwenye bawaba. Ningechelewa kidogo ingefika kwa jirani na kumpakia kitanda. Na mgongo wa reli, pale pale gurudumu linapokanyaga, kahawia mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia, bosi, futa mgongo kabla haijakauka. Akanitazama usoni bila hata kupepesa: "Treni ikipita itajisafisha."

TRENI IKIPITA ITAJISAFISHA.

Itapita na nini? Kichwa cha treni kinavuta umeme kwa magurudumu, reli hii na reli ile. Akriliki ikikauka ni plastiki, na plastiki haipitishi umeme! Nimeweka kichwa, nimefungulia umeme, taa imemulika mara moja ikazima. Ndipo akafanya ambacho sitakisahau mpaka naingia kaburini: akakisukuma kwa kidole. KWA KIDOLE. Huku anasema, "si unaona kinapita?"

Mataruma, vile vipande vya kulalia reli, ndiyo usiseme. Plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani, unaiosha kwanza kwa sabuni ndipo upake. Hakuosha. Rangi ikajikusanya matone matone, sasa nina reli yenye madoa kama chui. Nimeinua ulimi wa swichi kwa kijiti, umetoka na utando mzima wa rangi umejichonga umbo la reli. Alipomaliza akanawa mikono, akasema mbele ya watu, "tatizo lako unajali umeme kuliko uzuri."

Kwa kidole, wakuu.

Taruma_Kavu

Pole sana mkuu. Kwangu alipuliza rangi mpaka mahandaki yakapata ukungu mweupe, akasema "ukikauka utaondoka". Umekauka. Upo.

Geji_Nyembamba

Wewe ulimpa bunduki ya kupulizia rangi ya nini? Unamjua, sote tunamjua, bado ukamfungulia mlango. Hata tepu ya karatasi kuziba ulimi wa swichi hukuweka. Acha kulia, kamata kitambaa usugue.

Fundi_1:87

Tepu NILIWEKA. Aliibandua. Akasema inaacha mstari.

Kokoto_Laini

Fundi, bado inaokoleka. Funga kitambaa kwenye kipande cha mbao bapa, kiloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili, pitisha juu ya mgongo tu. Inalainisha akriliki hata ikiwa imekauka. Usimwage, itashuka kwenye mataruma ivue na rangi unayoitaka. Kwenye swichi, chukua kikaratasi kilicholowa alkoholi, kibane kati ya ulimi na reli, vuta polepole. Rudia mpaka kitoke cheupe. Sandpepa usiguse, mikwaruzo yake inahifadhi uchafu.

Halafu hiyo kahawia, ni kahawia kweli au ni lile chungwa lake?

Fundi_1:87

Chungwa, kaka. Chungwa la kuumiza macho.

Depo_ya_Zamani

NILIJUA. Huyu mtu hajawahi kusimama karibu na reli ya kweli maisha yake yote. Chungwa ni kutu mpya. Reli inayofanya kazi, ubavu wake ni kahawia iliyoiva, imechanganyika na vumbi la breki, na mgongo unang'aa kwa sababu ya magurudumu. Mimi huanza na kahawia nzito, nikaja na kijivu kwenye mataruma ya mbao, basi.

Bogi_Tupu

Inategemea Depo. Njia ya pembeni isiyopitiwa na treni mgongo wake unashika kutu pia. Ulinibishia hili kwenye uzi wa kokoto, na kuniomba radhi hujaniomba.

Depo_ya_Zamani

Nilisema njia kuu. Kasome tena.

Geji_Nyembamba

Nyie wa 1:87, treni iliyopunguzwa mara 87, mna milimita 16.5 kati ya reli na reli, mnalalamika. Mimi niko 1:160, milimita 9. Tone moja likikosea njia limefunika reli zote mbili na taruma tatu. Mbona sijafungua uzi?

Bogi_Tupu

Umeufungua, Geji. Ndio huu unaufungua sasa hivi.

Taruma_Kavu

Tatizo ni akriliki yenyewe. Enameli, ile rangi ya mafuta, inashika na haijikusanyi.

Kokoto_Laini

Enameli nyumba nzima inanuka siku mbili. Akriliki weka tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ya kuzimulia, itatandazika vizuri. Tone, Taruma, si kijiko. Ukizidisha inatoa povu.

Fundi_1:87

Jamani, uzi ni wa reli yangu. Kasema ITAJISAFISHA.

Kijiti_cha_Rangi

Samahani naingilia. Kuna mtu humu niliyemwazima bunduki ya rangi, kairudisha akriliki imekauka kwenye ncha, sindano haitoki. Anajijua. Hata kuisuuza kwa maji kumemshinda?

Depo_ya_Zamani

Ni yule yule?

Kijiti_cha_Rangi

Hapana, ni mwingine. Yumo humu kwenye uzi.

Taruma_Kavu

Mkuu nilikuambia nitanunua sindano mpya, hili si jambo la kuleta hapa.

Bogi_Tupu

Wewe wa enameli! Akriliki ya watu ulikuwa unaitafutia nini?