Trafiki anaandika wakati gani, na anakukamata wakati gani?

Dereva wa Kizota
Wakuu, habari za jioni. Nataka kupeleka Noah (gari dogo la abiria) njia ya Kibaigwa, hapa Dodoma. Kosa lipi linaisha kwa kuandikiwa faini ya shilingi 30,000, na lipi linakufikisha kituoni? Au trafiki anajichagulia tu?

Zabibu Kavu
Anachagua, ila kuna mpaka. Mkanda, taa ya breki iliyokufa, spidi 63 kwenye kibao cha 50: hapo anaweza kukuonya au kukuandikia. Kila kosa lina faini yake, kwa hiyo taa, mkanda na tairi kipara ni 90,000 akiamua kuandika yote. Akiandika moja na kukuonya mengine, hiyo ndiyo hiari yenyewe, na kauli yako pale dirishani inachangia.

Kukiwa na majeruhi au kifo, au pombe imezidi kiwango cha sheria, usitegemee risiti (ile karatasi ya faini). Hiyo ni ya hakimu.

Fundi Breki
Watu wanachanganya gari kuzuiwa na dereva kukamatwa. Breki ikivuja, gari linaweza kubaki hata kama umeshaandikiwa. Uliza kwa upole: "Afande, niko chini ya ulinzi, au ni gari tu?" Kama ni ulinzi, una haki ya kuambiwa kosa. Ndani ya saa 24 upate dhamana au ufikishwe mahakamani, na dhamana ya polisi hailipiwi.

Mzee wa Ihumwa
Kijana, soma risiti kabla hujaondoa gari, hasa namba ya gari. B ikisomwa D, deni limemwangukia mwingine. Lipia kwa simu au benki kwa kumbukumbu namba iliyo kwenye risiti. Ukichelewa zaidi ya siku 7 inaongezeka 7,500 juu ya ile 30,000. Hela ya mkononi haifuti kitu, deni linabaki kwenye mfumo.

Kama hukubali kosa, sema pale pale kwamba unataka mahakamani. Usilipe kwanza halafu ulalamike, maana kulipa ni kukiri.

Dereva wa Kizota
Shukrani mzee. Nikishindwa mahakamani, nalipa 30,000 ile ile?

Mzee wa Ihumwa
Hakimu hafungwi na 30,000. Anaweza kupiga zaidi, kwa hiyo kataa kosa ukiwa na shahidi au picha.