Goba: Nimelipa mara tatu kupuliziwa kumbikumbi, kumbe nyumba inaliwa kutokea chini!

Wakuu, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jana mvua ilikatika kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Giza linaingia, nikawasha taa ya kibarazani kama siku zote. Dakika kumi hazikuisha, kumbikumbi hao! Wamepita chini ya mlango, wamepita kwenye tundu la bomba la kiyoyozi, wamepita kwenye wavu wa dirisha uliochanika kona. Wali ulikuwa mezani, tumeumwaga wote. Mwanangu wa miaka miwili akawa anawaokota sakafuni na kutia mdomoni.

Najua wengi wetu tumekua tukila kumbikumbi wa kukaanga na chumvi, na ni watamu. Ila nyumba hii ilikuwa imepulizwa dawa siku 9 tu nyuma, kuta zote, mapazia, hadi uvungu wa vitanda. Nilimtoa mtoto wadudu mdomoni kwa kidole huku mikono inanitetemeka, mama yake analia. Usiku kucha tumekaa naye macho. Tunashukuru Mungu ameamka salama.

Sasa hao wapulizaji. Kampuni siitaji, wao wenyewe wakisoma watajijua. Mara ya kwanza niliwaita masika ya mwaka jana, Sh 80,000. Mvua za vuli kumbikumbi wakarudi, nikatoa tena Sh 80,000. Safari hii wakaniambia wana "dawa kali ya kumbikumbi", waranti miezi 6, Sh 120,000. Jumla Sh 280,000. Wanakuja vijana wawili na bomba la mgongoni, hawana barakoa, hawana glovu, dawa iko kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Nikauliza inaitwaje, nikajibiwa "hii inatoka Sauzi, mzee, usiwe na wasiwasi". Hapo ndipo nilipotakiwa kuwafukuza getini, na najilaumu kwamba sikufanya hivyo.

Kilichonimaliza kabisa ni cha leo asubuhi. Mke wangu anafagia mabawa, akaniita chumba cha wageni. Kile chumba jana kilifungwa, taa haikuwashwa, dirisha limefungwa. Lakini pembeni ya fremu ya mlango kulikuwa na rundo la mabawa. Wale hawakuingia kutoka nje, wametokea humohumo ndani! Nikabonyeza fremu kwa dole gumba, dole likazama. Rangi ya nje inang'aa, ndani mbao imebaki kama karatasi. Tukasogeza kabati la nguo, nyuma yake njia za udongo zimepanda ukutani mpaka karibu na dari. Huko juu kwenye kenchi sijapanda bado, na kenchi zangu ni za paini.

Kumbikumbi ni mchwa, wakuu. Ni mchwa wenye mabawa, madume na majike, wanaotoka kiotani mvua ikilainisha ardhi ili waende kuanzisha viota vingine. Wakishatua wanadondosha mabawa, wanashikana wawili wawili, wanatafuta pa kuchimba. Wengi wao wanakufa siku hiyohiyo, wanaliwa na kuku, mijusi na ndege. Kwa hiyo mtu akikupulizia ukutani anaua wadudu ambao wengi wangekufa wenyewe, halafu malkia yuko chini anaendelea kutaga maelfu ya mayai kwa siku. Na kiota kichanga hakitoi kumbikumbi, kinahitaji miaka kwanza. Ukiona wanatokea ndani ya nyumba, ujue mchwa wako hapo siku nyingi. Hawa watu wanaishi kwa kazi hii, wanalijua hilo. Wananyamaza kwa sababu masika ijayo utawapigia tena.

Na fundi aliyenijengea naye simuachi. Kiwanja hiki kilikuwa na kichuguu kikubwa, huku kwetu vilijaa kabla ya watu kuanza kujenga. Nilimwambia kitolewe. Alichofanya ni kukata kile cha juu na kukisawazisha, udongo wake akautumia kama kifusi, akamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, juu yake. Malkia hakai kwenye ncha ya kichuguu, anakaa chini kabisa kwenye chumba chake! Tumemjengea nyumba juu ya kichwa. Ardhi haikupigwa dawa kabla ya jamvi, kazi ambayo wakati ule ingekuwa rahisi kuliko chochote nitakachofanya sasa.

Sasa hivi inabidi kutoboa jamvi kandokando ya kuta, tundu kila baada ya kama sentimita 30, imwagwe dawa ya mchwa ishuke ardhini, na nje uchimbwe mfereji kuzunguka msingi nao umwagiwe. Kuna dawa zinazoua taratibu, kama zile za fipronil, mchwa hawazistukii, wanapita humo na kuwaambukiza wenzao kiotani. Na dawa yoyote halali lazima iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, lebo ipo, namba ya usajili ipo. Chupa ya maji haina namba.

Jirani ananishauri nimwage oili chafu. Siwezi, nina kisima hatua chache kutoka ukutani na tunakitumia.

Nimewapigia wale jamaa kuhusu waranti. Jibu: "Waranti ni ya kumbikumbi waliokuwepo siku ile, hawa ni wapya." Nimewaambia nataka hela yangu yote, simu ikakatwa, na mpaka sasa hawapokei.

Fremu ya chumba cha wageni inang'olewa kesho, nitaweka ya mninga hata kama ni kwa kukopa. Kwa wakazi wa Goba, Madale, Mbezi na Kibamba: nani amewahi kutobolewa jamvi na mchwa wakaisha kweli? Nipeni namba ya fundi PM, ila awe anayekubali kufungua kopo la dawa mbele yangu, lebo ikiwa juu yake. Na kama kuna mwenzangu aliyepuliziwa na vijana wa chupa ya maji, aseme hapa amelipa kiasi gani.