Mdogo wangu anaenda chuo Marekani: chama cha Weusi au cha Waafrika?

BintiTudor
Salaam aleikum wadau. Mdogo wangu wa kike, miaka 19, amepata chuo kikuu Marekani, jimbo ambalo Weusi ni wachache. Anaondoka mwezi wa nane. Kwenye tovuti ya chuo ameona BSU, umoja wa wanafunzi Weusi; kuna ASA ya Waafrika, na MSA ya Waislamu. Ajiunge na ipi? Tena kuna fomu inamuuliza asili yake ya rangi, na sisi babu ni Mshihiri, yaani Mwarabu wa Yemeni, nyanya Mgiriama. Atie alama wapi? Naomba majibu ya kutendeka, nasaha za jumla tumezisikia.

FomuZaMakupa
Fomu kwanza, maana ndiyo inayotia watu kiwewe bure. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani viza ya masomo, chuo kinapopeleka takwimu serikalini, huingizwa kwenye fungu la wasio wakazi wa Marekani, wala hahesabiwi chini ya rangi yoyote. Anaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja. Ugiriama unaingia kwa Weusi moja kwa moja. Ushihiri ndio kichekesho: kwa utaratibu wa serikali kuu wa 1997, mtu wa asili ya Mashariki ya Kati anahesabiwa Mzungu. Mshihiri wa Kibokoni, Mzungu! Mwaka 2024 serikali kuu iliamua Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wawe na kisanduku chao. Kikiwepo kwenye fomu yake, atie alama hapo na kwa Weusi. Kisipokuwepo, atie kwa Weusi aendelee na safari.

Panapoharibika ni kwenye ufadhili. Watoto huona tangazo la wanafunzi Weusi, wakakesha wiki nzima wakiandika insha, kumbe mstari wa masharti unataka raia au mkazi wa kudumu. Msaada wa fedha wa serikali ya kule pia mwenye F-1 hapati. Asome masharti kabla hajashika kalamu.

KakaLikoni
Vyama sasa. BSU msiichukulie kama kikundi cha ngoma na chakula. Ya kwanza iliundwa San Francisco State mwaka 1966, na Novemba 1968 wakaingia kwenye mgomo pamoja na wanafunzi wa jamii nyingine mpaka Machi 1969. Idara ya masomo ya Weusi pale ilitokana na msukosuko huo. Kwa hivyo asishangae mkutano mzima ukiisha kwa habari ya askari wa chuo au uhaba wa wahadhiri Weusi. ASA ndiko kwenye muziki, mpira na sherehe za uhuru. MSA watamwonyesha pa kuswali Ijumaa na pa kufuturu.

Aandikishe jina kote kutatu. Siku ya vyama kwa kawaida huwa ndani ya wiki 2 za mwanzo, na akiikosa atabaki akisikia habari za mikutano ikishapita. Ahudhurie mkutano wa kwanza wa kila chama, halafu kufikia wiki ya 6 achague kimoja aingie kamati. Kamati ndiyo dawa. Mtu anayekaa safu ya nyuma akala akaondoka hajulikani jina hata mwaka ukiisha, lakini anayepanga viti na kushika daftari la mahudhurio atatafutwa siku asipoonekana.

Aangalie pia kama ofisi ya utofauti, usawa na ujumuishaji (DEI) iliyotajwa kwenye tovuti bado ipo. Texas, kwa mfano, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024 ilifunga ofisi za aina hiyo kwenye vyuo vya umma. Vyama vyenyewe vya wanafunzi haikuvigusa.

UmmuZahra
Dadangu, mfunze na ulimi. Kosa kubwa la watoto wetu ni kusema "mimi si Mweusi, ni Mkenya". Hapa Mombasa hatuitani Weusi, tunaulizana wa wapi, wa mlango gani. Kule, mlinzi wa dukani anayemfuata nyuma hana habari ya Mgiriama wala Mshihiri, na Mmarekani Mweusi akisikia hilo "si" anajua amekataliwa. "Nimetoka Kenya" inatosha.

Pia asimbane mwenzake: "lakini asili yenu hasa ni wapi?" Wengi jibu hilo waliporwa pamoja na majina ya mababu zao. Profesa Ali Mazrui, mtoto wa hapa hapa Mombasa aliyeongoza kituo cha masomo ya Weusi na Afrika huko Michigan 1978 hadi 1981, alitenganisha Waamerika wenye asili ya Afrika, kizazi cha waliouzwa utumwani, na Waafrika waliohamia Amerika juzi. Akiielewa tofauti hiyo atajua lini asikilize.

Neno "akata" atalisikia kwa baadhi ya Waafrika Magharibi wakiwasema Wamarekani Weusi. Ni tusi, asilidake. Na "Mnegro" ya vitabu vyetu vya zamani aiache huku huku.

Nywele: asuke rasta wiki ya safari, zitamsitiri wiki 6 hadi 8, bila pete wala shanga za chuma, kwa sababu uwanja wa ndege huwapapasa vichwa. Kufikia hapo wasichana wa BSU watakuwa wamemwelekeza kwa msusi.

BintiTudor
Shukran sana. Anauliza, anaweza kuanzisha kikundi cha Kiswahili?

KakaLikoni
Mwaka wa kwanza asijaribu. Kusajili kunataka katiba, mlezi kutoka kwa wafanyakazi wa chuo na idadi fulani ya wanachama, na wakihitimu wawili watatu kikundi kinakufa. Aombe ASA usiku mmoja wa Kiswahili chini ya bajeti yao, na aombe muhula mmoja kabla, pesa hugawanywa mapema. Pilau ya watu 40 ni mchele kilo 4, nyama kilo 5, iwe halali ili MSA nao waje. Kabla ya kununua chochote aulize kama chuo kinaruhusu chakula cha kupikwa nyumbani. Vingi hudai kitoke jiko lenye leseni, na sufuria imewahi kurudishwa mlangoni ikiwa ya moto.