Nyumba za bei nafuu kwa sie wa kipato kidogo hapa Unguja, kuna anaejua njia?

Bint_Wete
Assalam alaykum ndugu zangu. Mie mama wa watoto watatu, kwetu Wete lakini mjini nnakaa mwaka wa kumi na moja huu, nimepanga chumba na ukumbi Magomeni, laki moja kwa mwezi na mwenye nyumba hataki mwezi mmoja mmoja, anataka miezi sita mbele. Kazi yangu napika vitumbua na mikate ya kumimina, alfajiri watoto wananipelekea dukani kabla ya skuli. Baba yao tushaachana, huleta akijisikia. Sasa mwenye nyumba kaniambia mwanawe anaoa Mfunguo Mosi (Shawali), vyumba vyake anavitaka.

Suala langu ni hili, kila nikifungua redio nyumba za bei nafuu, nyumba za bei nafuu, zinajengwa. Mtu kama mie anaingiaje humo? Kuna dalali mmoja kachukua elfu thelathini yangu na picha mbili za pasipoti akasema ni za fomu, tokea Ramadhani simu hapokei. Na kuna mtu mwengine ananiuzia kiwanja kidogo milioni tatu, kulipa kidogo kidogo. Mie nna milioni na laki mbili, za upatu. Nifate lipi jamani?

Mjukuu_wa_Jumba_6
Waalaykum salaam dada. Hio elfu thelathini isahau tu, fomu ya nyumba ya serikali haiuzwi barazani na dalali.

Mie nimezaliwa Michenzani juu kabisa. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya udongo Ng'ambo, enzi za Mzee Karume mitaa ile ikavunjwa kupisha barabara na yale majumba marefu, mipango yenyewe walikuja kuchora Wajerumani wa Mashariki, na bibi akapewa fleti badala ya nyumba yake. Kapewa, hakununua. Sasa wazee wetu wakisikia "nyumba za serikali" hadi leo kichwani mwao ni kugaiwa ufunguo, na sie tumerithi mawazo hayo hayo. Ila usione raha sana, utoto wangu wote ni kupandisha ndoo ngazini kwa sababu maji juu hayafiki, na ukimwaga kidogo kwenye ngazi za watu utasikia matusi ya jumba zima.

Siku hizi kuna Shirika la Nyumba, lina sheria yake ya 2014, ndo lenye dhamana na majumba yale na mengine. Nenda mwenyewe na kitambulisho chako cha Mzanzibari, ZanID, uliza kama kuna nyumba za kukodisha na kama kuna orodha ya kusubiri, wakikwambia hamna basi umejua. Lakini nikwambie ukweli, nyumba mpya nyingi zinazojengwa ni za kuuzwa, na mkopo wa benki unataka karatasi ya mshahara, mshahara ukatwe moja kwa moja. Mpika vitumbua hana karatasi hio hata kama kwa siku anaingiza kuliko karani. Bei nafuu ni nafuu kwa nani, hapo ndo pa kuuliza.

Jengine, atatokea mtu akuambie ana fleti ya zamani anataka kilemba tu, hela ya kukupisha, akuachie. Fleti si yake, ye mpangaji kama wewe. Anakuuzia mlango.

Ami_Darajani
Mjukuu kasema kweli tupu. Mie naongeza moja ambayo vijana hawaikumbuki, nyumba za wakfu. Mji Mkongwe zipo, na nje ya mji pia, watu wa zamani waliweka nyumba zao wakfu, nyengine kwa ajili ya msikiti, nyengine kwa dhuria zao, nyengine kwa masikini wakae. Zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kodi zake kwa kawaida ni ndogo kuliko za mtaani.

Ubaya wake ni huo huo udogo wa kodi, hela ya kutengeneza inatoka wapi? Nyumba za chokaa na mawe zinataka kupakwa kila baada ya muda, boriti za dari zikinyonya maji ya mvua zinaoza ndani kwa ndani na wewe huoni mpaka siku unga unakudondokea kwenye chai. Na ikipatikana nafasi huwa mtu kashaingia, mtoto wa mpangaji, shemegi wa mpangaji. Lakini kuuliza si ujinga. Hapo hapo Kamisheni uliza habari ya zaka, wanakusanya na kugawa. Masikini na mwenye deni wamo katika wale wanane wanaostahiki zaka waliotajwa kwenye aya ya Qur'ani, usione haya.

Zuhura_K
Samahani bi Wete, kwani kwenu hakuna kiwanja? Nyie Wapemba ardhi munayo, rudi kajenge.

Bint_Wete
Zuhura shoga yangu, ipo nyumba ya marehemu baba, tuko tisa, mirathi haijagaiwa. Nikijenga banda uani leo kesho kaka mkubwa anasema nimemega urithi. Na kule kitumbua nitamuuzia nani, kila nyumba wanapika wenyewe 😂

Ami ahsante, ya wakfu sikuifikiria kabisa.

Mchakwe_Ughaibuni
Salaam kutoka Marekani. Naona watu wanatamani ya huku basi niwambie kidogo. Huku kuna kitu kinaitwa Section 8, sheria yake ya 1974, familia ya kipato kidogo inapewa vocha, inajitafutia nyumba kwa mwenye nyumba binafsi, wao wanalipa kama asilimia 30 ya kipato chao, iliobaki serikali inamlipa mwenye nyumba. Mtu akizidi kipato na fungu lake la kodi linazidi, akipoteza kazi linapungua. Kwa mawazo ni kitu kizuri sana maana mama kama huyu hangeambiwa lete miezi sita.

Lakini foleni yake yakhe! Kuna miji orodha imefungwa kabisa haipokei majina, ikifunguliwa ni siku chache kisha wanachagua kwa bahati nasibu. Jirani yangu hapa mwanamke wa Kisomali kasubiri miaka mpaka mtoto wake wa mwisho kaota ndevu. Na ukishaipata vocha bado kuna wenye nyumba hawaitaki.

Huko kwetu sijasikia mpango wa kumlipia mtu kodi ya nyumba. Kilichopo karibu na hapo ni ule wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa serikali, wa kunusuru kaya masikini, si wa nyumba lakini namjua mtu Micheweni kaezua makuti kaweka bati kwa pesa zile, bando moja moja. Dada umo kwenye orodha ya shehia yako?

Bint_Wete
Simo. Walipokuja kuandika sheha alisema mpangaji leo yupo kesho hayupo. Mama yangu ndo anapata pensheni jamii kule Wete, ile ya wazee wa miaka 70, hio anatumia yeye dawa.

fundi_TM
Nyinyi munaongea Marekani, mie naongea kiwanja. Dada hio milioni na laki mbili usiitoe mkononi mpaka nikuulize. Kiwanja kiko wapi, juu au bondeni? Kwa nini kinauzwa milioni tatu wakati jirani zake wanauza mara mbili? Watu wamejenga Ziwa Maboga, Sebleni, Karakana, masika ikipiga vitanda vinaelea. Nenda bila ya huyo muuzaji, angalia kuta za majirani, maji yakituama huacha mstari, haufutiki hata upake rangi.

Pili, karatasi. Ardhi yote hapa ni ya serikali tokea Mapinduzi, unachonunua ni haki ya kutumia, sheria ya 1992. Muulize alipataje. Kama ni ile eka tatu aliopewa babu yake basi ile ilitolewa kwa kilimo, na karatasi ya kuandikiana mbele ya sheha peke yake haitoshi, siku ya bomoabomoa utabaki nayo mkononi. Pita Kamisheni ya Ardhi kwanza waulize eneo lile limepimwa la nini.

Tatu, ukishavuka hayo, usijenge nyumba. Jenga chumba kimoja na choo, msingi uwe wa vyumba vitatu. Mawe unaweza kununua kidogo kidogo ukayarundika, mchanga ndo unaua watu, unakwenda kwa kibali na gari moja tu utaona kizunguzungu. Mlango wa mbao za masanduku kwa kuanzia. Nimewajengea wajane wanne hivo na wawili washapaua.

Bint_Wete
Fundi Mungu akuweke. Nimekwenda leo baada ya laasiri na mwanangu mkubwa, muuzaji sikumwambia. Nyumba ya jirani ina mstari, mweusi, juu ya swichi ya taa kabisa. Bibi wa nyumba ile anacheka ananiambia mwanangu sie kila masika tunahamia skuli.

fundi_TM
Juu ya swichi? Hujatoa arabuni lakini?

Bint_Wete
Laki. Juzi.

Mjukuu_wa_Jumba_6
Alikuandikia?

Bint_Wete
Kwenye karatasi ya daftari la mtoto, na namba yake ya simu. Yeye anapokea, nshampigia sasa hivi, kasema nije kesho asubuhi. Fundi kama uko mjini twende pamoja, mie vitumbua nitakuletea.

fundi_TM
Saa mbili niko Mwanakwerekwe. Vya nazi.