Madarasa ya ishara za watoto wachanga Kisumu na Nakuru: hela ni za Kenya, ishara ni za Marekani, na yaya anafungiwa mlangoni

Mods, wasimamizi wa jukwaa, uzi huu usihamishiwe kule kwenye ukumbi wa Malezi. Ni malalamiko ya biashara, uacheni hapa hapa.

Siku hizi mabango ya "mfundishe mtoto wako ishara kabla hajasema" yako kila mahali, kuanzia Milimani na Riat hapa Kisumu hadi Section 58 kule Nakuru. Elfu nne au tano kwa vipindi sita. Mzazi analipa, anapewa karatasi ya rangi yenye picha kumi na mbili, na ukiikagua vizuri unakuta ni ishara za Marekani zilizotolewa mtandaoni. Ngumi inafumbwa na kufumbuliwa kama mtu anayekama ng'ombe: maziwa. Ncha za vidole vya mikono miwili zinagonganishwa: ongeza. Kwa wenyewe kule hazina ubaya wowote. Lakini huyu mtoto anakulia Kondele, na viziwi atakaokutana nao Kibuye sokoni wanatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Zipo zinazofanana, zipo zisizokaribiana hata kidogo, na mwalimu aliyejifunzia kwenye video hawezi kukwambia ni zipi.

Wala si kwamba lugha yetu ya ishara imefichwa chini ya mtungi. Katiba ya 2010 inaitaja katika Kifungu cha 7, na Kifungu cha 120 kinaiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zipo tangu 1961. Magharibi hii imejaa watu wazima wanaoisema lugha hiyo tangu utotoni. Sasa inakuwaje mwalimu awe mtu anayesikia, wa kozi ya wikendi mbili, halafu kiziwi aitwe siku ya mwisho tu, kwenye sherehe ya familia, apigwe picha na watoto na kupewa nauli ya matatu?

Najua jibu lenu: ni watoto tu, ishara ni ishara. Si kweli. Mtoto wa miezi saba hageuki kila ukimpungia. Mama kiziwi hamngoji ageuke. Anaupeleka mkono mpaka pale macho ya mtoto yalipo, anafanya ishara pembeni ya kikombe chenyewe au juu ya tumbo la mtoto, polepole, kubwa kuliko kawaida, mara tatu nne, kisha anatulia ampe nafasi. Darasani wazazi wanaambiwa wampakate mtoto akitazama mbele. Sawa, anamwona mwalimu, ila uso na mikono ya mama yake viko nyuma ya kisogo chake, na huyo mama ndiye atakayebaki naye nyumbani. Mwalimu naye kasimama kalipa mgongo dirisha, jua la saa nne linawapiga watu machoni, mikono yake ni vivuli vyeusi. Kiziwi angepanga upya mikeka kabla hata hajasalimia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna anayewaonyesha wazazi ishara ya mtoto inavyotoka. Mtoto wa miezi minane ana kiganja wazi na ngumi, basi. Vidole vyenyewe bado havijajua kufanya kazi kimoja kimoja. Mahali pa ishara mwilini hapakosewi sana. Umbo la mkono ndilo linaloharibika. Kwa hiyo ile "ongeza" ya ncha za vidole itatoka kama makofi, au, akishakua kidogo, kidole kimoja kikidonoa kiganja cha pili. Mzazi ambaye hajaambiwa anaona mtoto anapiga makofi mbele ya bakuli, naye anapiga makofi, wanacheka wote, bakuli linarudishwa jikoni na uji ungali nusu. Mtoto alikuwa anaomba! Afanyiwe hivyo siku kadhaa uone kama hataacha. Kisha kwenye grupu mama anaandika, "Wangu hashiki kitu."

Na atashikaje kwa muda huo? Ukianza akiwa na miezi sita, ishara ya kwanza mara nyingi inakuja kwenye miezi minane hadi kumi. Vipindi sita vya kila wiki ni mwezi mmoja na nusu. Darasa linafungwa kabla mtoto hajajibu, wazazi wanaambiwa walipie "hatua ya pili". Hilo lingesemwa siku ya kwanza, bure. Na ishara kumi na mbili kwa mpigo ni za nini? Tatu nne zinatosha: nyonya, ongeza, basi (yaani imetosha), na kitu kimoja ambacho mtoto mwenyewe anakipenda kufa, iwe taa, paka au kuku wa jirani. Ishara na neno vitoke pamoja, kila mara ishara ile ile.

Sasa yaya. Tiketi ni ya "mzazi mmoja na mtoto mmoja". Yaya akija anaambiwa angoje nje au alipiwe nusu bei. Dani, yaani nyanya, aliyetoka Siaya kumlea mjukuu, vivyo hivyo. Jameni, nani anashinda na mtoto kuanzia saa moja asubuhi hadi mama arudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni? Mama anaonyesha "maji" mara mbili usiku na kila mmoja amechoka. Yaya angeionyesha mara kumi na tano kwa siku, mtoto akiwa macho na ana kiu. Darasa linalomfungia yaya nje linamfungia mtoto.

Ahadi za mabango nazo: atasema mapema, atakuwa na akili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, uliochapishwa 2013, ulifuatilia akina mama 40 na watoto wao tangu miezi 8 hadi 20. Walioonyeshwa ishara hawakuwapita wenzao katika lugha. Kilichoonekana ni akina mama kuwa wepesi zaidi kusoma mtoto anataka nini. Hiyo peke yake ingetosha kuuza darasa. Mbaya ni pale mzazi anapouliza mbona mtoto wa miezi kumi hageukii jina lake, hashtuki mlango ukibamizwa, wala hasemi ba-ba-ba, akajibiwa "endelea na ishara, zitamvuta." Huyo apelekwe kupimwa masikio wiki hiyo hiyo. Watoto viziwi zaidi ya tisa katika kila kumi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo "kwetu hakuna kiziwi" si kipimo.

Sherehe zenyewe za siku ya mwisho ndiyo usiseme. Saa tisa alasiri chini ya mabati, mvua ya Kisumu inashuka, hakuna anayesikia neno. Isiponyesha, spika inafanya kazi hiyo hiyo. Bisi na njugu kwenye sahani za watoto ambao hata magego hawana. Baluni zinapasuka, vipande viko mkekani, na kipande cha baluni kikinasa kooni si rahisi kukitoa. Picha za watoto zinapanda Facebook kabla watu hawajafika steji, eti "ukilipa umekubali". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na kulipia darasa si idhini.

NYONGEZA: Dada wa jibu namba 9, umeuliza lililo sawa lingekuwaje. Watoto wanane, wasizidi kumi, wa umri unaokaribiana. Dakika arobaini, saa nne asubuhi wakishaamka usingizi wa kwanza. Mikeka kwa umbo la nusu duara, mwanga ukimpiga mwalimu usoni. Mwalimu kiziwi alipwe kama mwalimu, na mkalimani alipwe kivyake. Yaya na nyanya waingie bure. Dakika kumi za mwisho ziwe za wazazi, kila mmoja aonyeshe mtoto wake alifanya nini mezani wiki hiyo, mwalimu aseme hiyo ni ishara au ni makofi.

Anayejua la namna hii Kakamega, Busia au Nakuru, aandike siku, saa na bei hapa hapa. Habari za "njoo inbox" hatuzitaki.

Na wewe mwenye darasa uliyejibu namba 17 kwamba mwalimu kiziwi "atawatisha wateja", futa hilo jina la bandia, uyarudie maneno hayo kwa jina la biashara yako.