MREJESHO: Lile shirika la visima na wakimbizi, nilikwenda

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu shirika dogo hapa Louisville, Kentucky, linalochimba visima vijijini Malawi na kusaidia familia za wakimbizi mjini kwetu: niwachangie pesa, au kuna la maana zaidi? Wengi mlisema nenda mwenyewe, Kiswahili chako ndicho mchango.

Nimepangiwa familia ya Wakongo. Mama aliingia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996 akiwa msichana. Watoto wote wamezaliwa humo. Zile siku 90 za mwanzo, ambazo wakimbizi wapya husaidiwa kuanza maisha hapa, zilishapita. Alinitolea mfuko wa nailoni umejaa barua, nyingine hazijafunguliwa. Moja ilikuwa ya mkopo wa nauli ya ndege, ule usio na riba wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Alipoona tarakimu alidhani wasipolipa watarudishwa kambini! Tukapiga simu pamoja, spika wazi, wakakubali kupunguza rejesho la kila mwezi. Akanishika mkono: "Aksanti, dada. Leo nitalala."

Kuhusu visima, niliomba hesabu kama mlivyonishauri, wakanionyesha. Kilichonigusa ni kwamba wanakijiji wawili hufundishwa kubadilisha vipuri vya pampu. Kijijini kwetu pampu ilikufa kwa kukosa mpira mmoja tu, tukarudi mtoni. Kwa hiyo nachangia kidogo kila mwezi.

Familia yangu hiyo ikitimiza mwaka hapa Marekani itaomba green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Aliyewahi kujaza hizo fomu anielekeze, tafadhali.