Mjadala: Tope la mitambo ya maji lirudishwe mtoni?

Wakuu, suala hili likiibuka utaambiwa mtambo wa kusafisha maji ya kunywa hauzalishi uchafu, unatoa tu tope lililokuwemo mtoni, kwa hiyo kulimwaga ni kuurudishia mto mali yake. Napinga.

Tope lililoingia silo linalotoka. Mtamboni maji hutiwa shabu, chumvi yenye alumini, chembechembe zikashikana na kutuama chini ya tangi. Kinachobaki ni ujiuji mzito wenye alumini. Siku tangi likifunguliwa, mzigo uliokusanywa kwa wiki kadhaa unashuka mtoni kwa mkupuo. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa haba, hutanda chini na kufukia changarawe ambamo samaki hutaga. Maji yakiwa na asidi, alumini huyeyuka na kudhuru matamvua yao.

Kuna pia maji ya kuoshea machujio, ambayo wengi huyasahau. Chujio likiziba husukumiwa maji safi kutoka chini kwenda juu, na yanayotoka hubeba kila kilichonaswa, hata kriptosporidiamu, kimelea ambacho klorini ya kawaida hukishindwa. Kimelea hicho ndicho kilichopita kwenye maji ya bomba Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, wakaugua watu wapatao 400,000. Sasa fikiria mji ulio chini ya mto, unaovuta maji hapohapo.

Mchangiaji: Mkuu, tope lisipomwagwa mtoni litahitaji vitanda vya kukaushia, yaani sehemu za kulianika, navyo vinataka ardhi na fedha. Bili itapanda, asiye nacho akatiwe maji, arudi kuchota mtoni. Bora tope mtoni kuliko kipindupindu majumbani. Halafu mbona majitaka hamyasemi?

Mwanzisha mada: Majitaka yana uzi wake, tusihamishe magoli. La kipindupindu nakubali, maji salama kwanza. Ila nani kasema lazima tuchague kimoja? Maji ya kuoshea machujio yakituamishwa huweza kurudishwa mwanzo wa mtambo, yapite hatua zote upya. Marekani ilitunga kanuni ya kusimamia hilo mwaka 2001. Tope likikaushwa huchanganywa kwenye udongo wa matofali. Na gharama unayoiogopa tayari ipo, sema anailipa mvuvi, na mji wa chini unaoongeza dawa. Anayesema haiwezekani atuwekee hapa hesabu za mtambo wake: shabu kiasi gani kwa mwezi, tope kiasi gani, na linamwagwa saa ngapi.